Hammond kutoka Marekani, nikipiga C inatoka A na kinanguruma. Wataalamu wa vinanda vya zamani naombeni msaada

mwalimu_wa_kwaya (Iringa)

Wakuu habari za saa hizi, wazee mliomo humu shikamooni. Naleta shida ya kinanda, mafundi wa hapa mjini nimeshazunguka nao na kila mmoja ana lake, kwahiyo naomba mwenye ujuzi wa hivi vitu vya zamani anisaidie.

Usharika wetu uliletewa kontena na marafiki wa Marekani, ndani kulikuwa na viti, vitabu, vyerehani na kinanda kimoja cha Hammond M-100, kile cha mbao chenye safu mbili za vitufe na pedali za miguu chini, ukifungua nyuma unakuta valvu za glasi kama za redio za zamani. Kibao cha nyuma kimeandikwa volti 117 saiko 60. Tukanunua transfoma ya kushusha 220 kwenda 110, tukafuata maelekezo ya swichi za Start na Run, kikawaka. Sauti yake jamani siwezi kuieleza, hizi kiibodi zetu za kisasa hazifiki pale hata kidogo.

Shida kubwa ni hii, nikipiga C inatoka A. Siyo kitufe kimoja, ni vyote, kuanzia chini mpaka juu vimeshuka kwa kiasi kilekile. Nimeweka tuna ya kwenye simu (kile kipima noti), A ya katikati ambayo ilitakiwa isome mitetemo 440 kwa sekunde inasoma 366, 367, hapo hapo. Nikasema basi nitahama ki (ufunguo wa wimbo), kwaya ikiimba G mimi napiga B flat, lakini bado gitaa na tarumbeta havikai pamoja nacho, kinakuwa chini kidogo tu kiasi cha kukera masikio. Na tukiwa kwenye jenereta ndio balaa kabisa, vijana wa mitambo wakipandisha spika kubwa kinanda nacho kinashuka, wakizima kinapanda.

Mengine: kinanguruma hata nikifunga kabisa pedali ya sauti, ngurumo yenyewe ni kama G ya chini. Kuna C moja safu ya juu haitoi kitu, na vitufe vingine vinakwaruza. Nikiwasha kinapiga kelele kama chuma kinasuguana, halafu kuna siku nikiachia Start mwendo unapungua mpaka sauti inakufa.

Fundi mmoja anasema transfoma ni ndogo ninunue kubwa. Mwingine anataka akifungue atyuni noti moja moja na bei aliyotaja ni kubwa. Wazee wa kanisa wameanza kusema kiuzwe. Mimi sitaki kiuzwe. Natanguliza shukrani.


mkweli_255

Hiyo ni transfoma mkuu, badilisha. Mimi nilikuwa na friji ya Marekani inasumbua hivyo hivyo nikaweka transfoma kubwa ikatulia. Ukiongeza na stebilaiza umemaliza kazi.


fundi_wa_valvu (Dar)

Mwalimu marahaba. Usinunue transfoma nyingine kwanza, na huyo anayetaka kutyuni noti moja moja usimpe hata mia, Hammond ya aina hiyo haityuniwi, hakuna skrubu ya kutyuni humo ndani.

Nikueleze kilichomo ili fundi yeyote asikuzungushe. Humo ndani kuna mhimili mrefu wenye gia na magurudumu madogo ya chuma, kila moja kipenyo chake kama sentimita tano, na pembeni ya gurudumu kuna nundu nundu. Mbele ya kila gurudumu kuna kijiti cha sumaku kilichozungushiwa koili. Gurudumu likizunguka zile nundu zinapita mbele ya sumaku, koili inatoa umeme mdogo sana unaopanda na kushuka, na idadi ya nundu zinazopita kwa sekunde ndiyo noti yenyewe. Hammond B-3 ile kubwa ina magurudumu 91, yako ni machache kidogo lakini kazi ni ileile. Uhusiano wa noti na noti umefungwa na gia toka kiwandani, ndio maana kwako vyote vimeshuka sawa kwa sawa na havijachanganyikana. Ingekuwa noti moja tu imekwenda kombo ningefikiria kingine.

Sasa kinachozungusha yote hayo ni mota inayofuata saiko za umeme. Haifuati volti, inafuata saiko, yaani mara ngapi umeme unakwenda na kurudi kwa sekunde. Marekani umeme ni saiko 60 kwa sekunde, huku kwetu ni 50. Mhimili uliotakiwa kuzunguka mara 1200 kwa dakika kwako unazunguka 1000. Chukua 440 zidisha kwa 50 gawanya kwa 60 unapata 366 na ushee, ndicho simu yako ilichokuambia. Hiyo ni nusu toni tatu kamili na juu yake kama sehemu 16 kati ya 100 za nusu toni nyingine, na hicho kipande kidogo ndicho kinachogombana na tarumbeta zako hata ukihama ki.

Transfoma inashusha volti peke yake. Saiko 50 zikiingia zinatoka 50, hata ununue transfoma ya ukubwa wa kabati. Ndugu mkweli_255 friji yako ilikuwa na njaa ya nguvu, hiyo ni shida tofauti na hii.

Huyu Laurens Hammond kabla ya vinanda alikuwa mtengenezaji wa saa za umeme kule Chicago, hati ya ubunifu wa kinanda alipewa 1934 na vikaanza kuuzwa 1935. Mota aliyoitumia kwenye saa ndiyo wazo aliloliingiza kwenye kinanda. Saa yake ya saiko 60 ukiichomeka huku itachelewa dakika kumi kila saa, na kinanda chako kinafanya hivyohivyo ila wewe unakisikia kwa masikio. Jenereta pia ni hapo hapo, injini ikielemewa saiko zinashuka na sauti inashuka nazo.

Naomba unijibu mambo mawili kabla hatujaendelea. Kimewahi kuwekwa mafuta? Na ile ngurumo, ukifungua na kufunga pedali ya sauti inabadilika au inabaki palepale?


abu_kinanda (Mombasa)

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi napiga kwenye taarab huku Mombasa, changu ni Farfisa Compact ya miaka ya sitini, nilikirithi kwa mjomba wangu aliyekuwa mpigaji kabla yangu. Naandika kwasababu nimeona watu wengi wakisikia kinanda cha zamani wanadhani vyote ni kitu kimoja, na mafundi nao wanatibu ugonjwa wa hiki kwa dawa ya kile.

Farfisa wangu hana mota wala gurudumu. Waitalia wale walianzia kwenye akodiani, na kwenye Compact wakaweka bodi kumi na mbili za transista, moja kwa kila jina la noti, bodi ya C, ya C sharp, mpaka B. Kila bodi inatengeneza noti ya juu kabisa halafu inaigawa kwa mbili, inapata oktavu ya chini yake, inaigawa tena kwa mbili, hivyo hivyo mpaka chini. Kwahiyo ukiwa na hiki saiko za umeme hazikuhusu, 50 au 60 sauti ni moja.

Lakini kasoro zake zinasomeka kwa masikio pia. C zote zikiwa kombo sawasawa, ni ile ya juu inayozizaa, hapo ndipo pana kutyuni kweli, na ni skrubu moja tu kwenye bodi ile. Ikiwa C za juu zinalia ila kuanzia ya katikati kushuka chini kimya, basi kuna kigawanyi kimekufa hapo katikati na walio chini yake wote hawapati kitu. Changu kiliwahi kufa F za chini, fundi mmoja akasema bodi zote kumi na mbili zibadilishwe, nikakataa, nikampata mzee mmoja mjini akabadilisha transista moja ya jamii ya germaniamu na hadi leo kinapiga harusi. Kwahiyo mwalimu wewe fanya kama anavyokwambia fundi wa valvu, ujue kwanza ugonjwa umekaa wapi ndipo kifunguliwe.


mwalimu_wa_kwaya (Iringa)

Asanteni sana, nimesoma majibu yenu mara kadhaa na nimemsomea na mwenyekiti wa wazee, ameelewa hasa hiyo ya saa ya ukutani.

Fundi: mafuta sijui, toka kimefika hatujaweka, nyuma kuna vijikombe vidogo vya chuma vimekauka kabisa na ndani yake nyuzi nyuzi za pamba zimekuwa ngumu. Ngurumo haibadiliki, nifunge nisifunge pedali ni ileile.

Swali langu, hizo saiko 60 nazipata wapi huku Iringa? Na mafuta je, ya cherehani yanafaa? Hapa mtaani WD-40 ipo pia.


mswahili_minnesota

Mwalimu hapana, simama hapo hapo, WD-40 usiisogeze karibu na hicho kinanda. Ile inaosha mafuta yaliyobaki halafu yenyewe inakauka na kuacha gundi, mhimili ukishakwama kuukwamua ni kazi kubwa sana. Mafuta ya injini nayo usithubutu. Ya cherehani wapo wanaotumia, mimi siyashauri.

Niko huku Marekani kaskazini na nimesaidia kutengeneza kadhaa za hizi. Hammond ndogo za nyumbani kama hiyo M-100 huku watu wanazigawa bure, unakuta tangazo njoo uchukue mwenyewe, kwasababu soko lote liko kwenye B-3 na zile kubwa. Ndio maana zinapandishwa kwenye makontena kuja huko. Ni vinanda vizuri mno na inaniuma vikifika huko halafu vinawekwa stoo kwa kukosa mtu wa kueleza hili la saiko, maana anayefunga kontena huku hajawahi kuwaza kwamba umeme wa kwenu ni tofauti.

Mafuta yapo maalum yanaitwa ya Hammond, mepesi sana, kichupa kimoja kinakaa miaka. Ukikosa kabisa tafuta mafuta mepesi ya tabaini (mitambo ya kuzunguka) yasiyo na sabuni ndani yake. Zile nyuzi za pamba ulizoziona ndizo zinazoyanyonya kutoka kwenye kikombe na kuyapeleka kwenye kila beringi, polepole mno, kwahiyo ukiweka leo usitegemee kelele iishe leo. Weka, subiri siku kadhaa, kiwashe kidogo, ongeza. Kile kisanduku cha vibrato (kinachotetemesha sauti) mwishoni mwa mhimili kinataka kidogo tu, usikijaze. Baada ya hapo mara moja kwa mwaka inatosha.

Kule kupungua mwendo ukiachia Start ni ukavu huohuo. Mota ya Start ndiyo yenye misuli, ya Run ni dhaifu, kazi yake ni kushikilia mwendo tu, mhimili ukiwa mzito inashindwa. Na kuwasha kwenyewe ni hivi: shikilia Start kama sekunde 8, ukiwa bado umeishikilia washa Run, hesabu kama sekunde 4 nyingine ndipo uachie Start. Watu wengi wanaachia mapema.

Kama mna mtu anakuja huko kutoka huku nijulishe nimpe kichupa.


solar_dodoma

Kuhusu saiko 60 hapa ndipo kazi yangu ilipo. Unaweza kuzipata bila kusubiri kitu chochote kutoka nje, tafuta inveta ya sola yenye wimbi laini, wenyewe wanaiita pyua sainwevu, yenye uwezo wa kuchagua 50 au 60. Zipo nyingi tu madukani, baadhi zina viswichi vidogo pembeni, nyingine unachagua kwenye menyu, watu hawavigusi kwasababu huku kila kitu ni 50. Muulize muuzaji akuonyeshe kabla hujalipa.

Hiyo itakupa volti 220 au 230 lakini saiko 60. Halafu unaipitisha kwenye hiyohiyo transfoma yako ya kushusha, inatoka 110 na 60 yake iko palepale, kama fundi alivyosema transfoma haigusi saiko. Kwahiyo pesa yako ya transfoma haikupotea.

Usinunue zile za bei rahisi za wimbi la ngazi ngazi, mota itaunguruma na amplifaya itajaa makelele. Ukubwa, soma wati zilizoandikwa kwenye kibao cha kinanda halafu chukua inveta ya angalau mara tatu yake maana wakati wa kuwasha kinavuta zaidi. Betri, mfano kibao kikisema wati 120 na ibada ni masaa mawili, unahitaji kama wati-saa 240 na upotevu wa inveta juu yake tuseme 280. Betri ya volti 12 yenye 100Ah inabeba 1200, ukiitumia mpaka nusu tu isife mapema una 600, ibada mbili za Jumapili zinapita. Na faida nyingine, umeme ukikatika katikati ya wimbo kinanda chenu hakijui.


fundi_wa_valvu (Dar)

Solar umemaliza, hiyo ndiyo njia. Ila mwalimu anza na mafuta, ukikipandisha 60 kikiwa kikavu unakiongezea mwendo kwenye beringi ambazo tayari zinalia.

Sasa ngurumo. Kwakuwa haibadiliki na pedali, haitokei mbele kwenye vitufe, inaanzia baada ya pedali, yaani kwenye amplifaya ya mwisho au paweza saplai. Na wewe ni mwalimu wa muziki una faida ambayo mafundi wengi hatuna, umesema ni kama G ya chini. Umeme wa saiko 50 ukinguruma wenyewe unatoa karibu na G, ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja unanguruma 100 ambayo ni G ya oktavu ya juu yake. Isikilize vizuri ni ipi. Ikiwa ile ya 100, kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekauka, za miaka ya sitini hizo hazina maajabu. Ikiwa ile ya chini zaidi angalia valvu na nyaya za ethi. Ukishahamia inveta irudie, ikiwa ni umeme itapanda na kukaa katikati ya B flat na B.

C iliyokufa ipime hivi bila kufungua kitu. Rudisha drobaa zote (vile vijiti vya kuvuta vya kuchagua sauti) ndani, vuta ile ya 8 peke yake, hiyo ni nyeupe ya kwanza, piga hiyo C. Kimya. Sasa rudisha 8, vuta ya 4, piga C ya oktavu ya chini yake. Drobaa ya 4 inalia oktavu moja juu kwahiyo hapo unaliita gurudumu lilelile kupitia kitufe kingine. Ikilia, gurudumu lako ni zima na ugonjwa uko kwenye kontakti (sehemu za chuma zinazogusana) za kile kitufe, kipige haraka haraka mara nyingi, vumbi huwa linatoka. Usipulizie spray yoyote ndani ya vitufe. Hammond nyingi za miaka hiyo zina sponji humo ndani inayooza na kuwa kama lami, ukipulizia dawa unaitandaza kwenye nyaya nyembamba na zinalika.

Halafu hili nalisema kwa uzito wote. Mtu asiingize mkono nyuma kwa sababu tu plagi imechomolewa. Valvu zinatumia volti mia tatu hivi na kapasita zinazihifadhi. Chomoa, subiri, zimwage kwa rezista, pima kwa testa mpaka uone sifuri, ndipo uguse. Plagi ya Marekani ya pini mbili haina ethi, mwambie fundi afunge waya wa ethi kwenye chasisi.


mwalimu_wa_kwaya (Iringa)

Wakuu nimerudi na ripoti. Mafuta yalifika na mgeni, tuliweka kidogo kidogo kama ulivyoelekeza ndugu wa Minnesota na ile kelele ya chuma imebaki kidogo sana pale kikiwa cha baridi asubuhi. Kikiachiwa Start kinashika mwendo.

Inveta tumepata, mwenyekiti wa wazee mwenyewe ndiye aliyechangisha. Tuliiweka 60, tukapitisha kwenye transfoma, nikapiga A na simu ikasoma 440 kamili haichezi. Mpiga tarumbeta akaingia moja kwa moja bila kuhama ki. Habari ya kuuza imekwisha.

C ile nimeipima kwa drobaa ya 4, inalia, kwahiyo ni kontakti, nimeipigapiga imerudi ingawa siku nyingine inakatika. Ngurumo imepanda kama ulivyosema iko kati ya B flat na B, na ni ile ya oktavu ya juu. Kwahiyo ni kapasita siyo?


fundi_wa_valvu (Dar)

Hongera mwalimu, nimefurahi sana. Ndiyo, ni kapasita za kuchuja. Kwenye chasisi ya amplifaya utaona kopo la aluminiamu limesimama, ndani yake mara nyingi kuna kapasita zaidi ya moja. Hutapata kopo kama hilo hapa, na huna haja, unaweka kapasita mpya mojamoja chini ya chasisi. Za zamani lazima zikatwe kwenye mzunguko, fundi asiziunganishe mpya juu ya mbovu. Maikrofaradi ziwe zilezile au zizidi kidogo, volti ziwe sawa au zaidi na kamwe zisipungue, za joto la nyuzi 105, na upande wa hasi na chanya uangaliwe mara mbili kabla ya kulehemu maana ikigeuzwa inapasuka.

Na siku mkilazimika kukichomeka kwenye umeme wa kawaida, ukikatika zima Run hapohapo. Mota ya Run haiwezi kuanza yenyewe, umeme ukirudi itakaa inaunguruma bila kuzunguka na inapata moto bure.

Lile kopo lina maandishi ubavuni ya maikrofaradi na volti za kila sehemu, na alama ndogo za pembetatu na mraba kwenye miguu yake. Piga picha ya hayo maandishi na ya miguu kwa chini, itupie hapa, nitakuandikia kapasita za kununua na ipi inakaa wapi.